Shajara ya mradi: jiwe linaingia mchezoni

Siku ya 1

Mpaka leo asubuhi kila jamii katika mchezo wetu wa kompyuta ilizaliwa na chuma mkononi. Dunia ikishaumbwa, milima ikainuka na mito ikapata njia, wakazi wanatokea: watu wa bondeni, watu wa chini ya milima, majitu wa nyanda za juu, mazimwi wa kinamasi. Wote wanaanza na shoka, sururu na visu vya chuma, hata kama walipo hakuna madini kwa mwendo wa siku kumi. Zana zile zikiisha, basi.

Jana nililitazama kundi la mazimwi wa kinamasi kwa miaka kumi na miwili ya mchezo. Visu vyao viliisha mwaka wa nne. Tangu hapo waliwinda kwa mikono mitupu, wakararua nyama kwa meno, na ngozi za wanyama zikaoza mlangoni kwa kukosa cha kuzichunia. Mto wanaochota maji umejaa mawe. Iliniuma sana, maana dunia niliyoijenga mimi ndiyo iliyowazuia kuokota hata moja.

Nikaanza kwa njia ya mkato. Jedwali letu la malighafi lina namba moja kwa kila kitu kinachoweza kuundiwa zana, nayo inaitwa "ubora". Chuma 100, bronzi 80, shaba 55. Nikaongeza gumegume, jiwe gumu linalovunjika kwa makali, nikalipa 40. Baada ya nusu saa mazimwi wakawa na visu vya mawe, wanachuna, wanakula. Hakuna kilichoharibika, na hakuna kilichonifurahisha. Kisu cha jiwe kilikuwa kisu cha chuma kilichopunguzwa: kinakata taratibu zaidi, kinaisha upesi zaidi, na siku mfanyabiashara akifika na chuma kinatupwa na kusahauliwa. Binadamu wameishi na jiwe kwa muda mrefu kuliko walivyoishi na kitu kingine chochote. Haiwezekani likawa namba 40.

Jioni nimefuta safu ile. Tunaanza upya.

Siku ya 3

Jiwe na chuma havipimiki kwa mstari mmoja, kwa hiyo "ubora" umeondoka na mahali pake zimekuja tabia nne: ugumu, ushupavu, ukali na uzito. Ugumu ni uwezo wa kukwaruza bila kukwaruzwa. Ushupavu ni uwezo wa kupokea pigo bila kupasuka. Hizi mbili ndizo zilizokuwa zimechanganywa ndani ya msimbo, yaani maagizo yanayouendesha mchezo, tangu toleo la kwanza.

Kwa kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu kutoka 1 hadi 10, gumegume linafika 7, obsidiani, ile lava iliyopoa ikawa kama kioo, inapita 5 kidogo tu, chuma kisichokolezwa kiko karibu na 4, shaba 3. Gumegume litaikwaruza shaba siku nzima bila kuchoka. Lakini yaangushe yote mawili juu ya mwamba: gumegume linapasuka, shaba inabonyea, mhunzi anaigonga inarudi kama ilivyokuwa. Kwa ukali ni kinyume chake tena. Makali ya obsidiani iliyovunjwa vizuri hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu za bilioni za mita, na wapo madaktari wa upasuaji waliowahi kuitumia. Hakuna mhunzi katika mabonde yetu atakayefika hapo kwa kinoo.

Uzito nao umeleta jambo nisilolitarajia. Gumegume lina takriban gramu 2.6 kwa kila sentimita ya ujazo, obsidiani 2.4, chuma 7.87. Shoka la jiwe lenye umbo lile lile la shoka la chuma lina theluthi moja ya uzito wake. Ili lipige kwa nguvu ileile sharti liwe kubwa na nene, na likiwa nene linakata mti kwa kuachia pengo pana. Nimebadili fomula ya kukata miti ifuate upana wa pengo. Sasa mti mnene unamchosha mwenye shoka la jiwe kupita kiasi, na mti mwembamba unaanguka karibu sawa na kwa chuma. Wakazi wenyewe wameanza kuchagua miti myembamba kwa nyumba zao. Sikuwaagiza.

Siku ya 4

Michezo yote iliyohifadhiwa kwa mfumo wa zamani haifunguki. Nimeandika kigeuzi cha kuihamisha. Usiku wote umekwenda huko.

Siku ya 6

Ramani yetu ina aina thelathini na nane za mawe, na mpaka leo zilitofautiana rangi ya ukuta tu. Nimezipitia moja baada ya nyingine na swali moja: ukilipiga, linavunjikaje?

Mawe yanayofaa kuchongwa kwa kupigwa ni yale yasiyo na chembe kubwa wala matabaka, ambayo nguvu ya pigo inapita ndani yake kama inavyopita ndani ya kioo. Huvunjika kwa mvunjiko wa kombe: uso uliopasuka unabonyea kwa ulaini, una viwimbi, kama upande wa ndani wa gamba la chaza. Obsidiani, gumegume na basalti (jiwe jeusi la volkano) ya chembe ndogo sana zote ni za ukoo huo. Kwatzi imo, lakini ni kaidi, inapasuka inakotaka. Graniti haimo. Ukiipiga inamong'onyoka, na njia pekee ya kuipa umbo ni kuigonga kidogo kidogo kisha kuisugua. Basi kwenye msimbo kuna koo mbili: mawe ya kubanja na mawe ya kusugua, na machache, kama basalti, yana uraia wa pande zote mbili.

Kisha nikaenda kwenye muumba ramani. Gumegume sasa linapatikana kama vinundu ndani ya matabaka ya chaki na ya chokaa. Obsidiani inapatikana pale tu ambapo lava yenye silika nyingi imepoa haraka. Nilipoiumba dunia mpya kwa mara ya kwanza nilikaa kimya nikiitazama. Volkano, ambazo tangu mwanzo wa mradi zilikuwa balaa la kukimbiwa, zimepata sababu ya kuendewa.

Na wataendewa kutoka mbali. Olorgesailie, nchini Kenya, wachimbuzi wamepata obsidiani iliyobebwa zaidi ya miaka 300,000 iliyopita kutoka vyanzo vilivyo umbali wa kilomita 25 hadi 95. Watu wa kale kiasi hicho walikuwa tayari wanajua jiwe zuri liko wapi, na walikuwa na namna ya kulipata. Msimbo wetu ulikuwa na kikomo kinachosema mkazi hafuati malighafi zaidi ya mwendo wa siku moja. Nimekiondoa kwa mawe ya kubanja.

Siku ya 9

Siku tatu nzima kwa kitu kimoja: pigo.

Mchongaji anashika jiwe la kugongea kwa mkono mmoja na jiwe mama, lile linalobanduliwa vibanzi, kwa mkono mwingine. Ukingo unaopigwa lazima uwe na pembe iliyo chini ya nyuzi 90. Pigo likitua vizuri, nguvu inatawanyika ndani ya jiwe kwa umbo la pia, na kibanzi kinabanduka kikiwa na makali pembeni. Likitua vibaya, ufa unakata njia katikati na kuacha ngazi kwenye uso wa jiwe mama, na pigo linalofuata linakwama kwenye ngazi ileile. Zikifika ngazi tatu au nne jiwe mama limekufa, hata kama bado lina kilo mbili.

Kwenye msimbo, kwa hiyo, kila jiwe mama linakumbuka mambo matatu: uzito uliobaki, kingo zenye pembe inayofaa, na ngazi. Ustadi wa mchongaji hauongezi nguvu ya zana anayotengeneza, na hapa ndipo tulipoachana kabisa na mfumo wa zamani. Kibanzi cha mwanafunzi kina makali yaleyale ya kibanzi cha fundi. Tofauti ni kwamba fundi anapata vibanzi virefu arobaini kutoka jiwe ambalo mwanafunzi angepata vifupi sita na kuliua. Pale ambapo gumegume limejaa, mwanafunzi anaweza kuishi bila aibu. Pale ambapo limebebwa kwa siku tano mgongoni, kijiji kinamhitaji fundi kama kinavyomhitaji mkunga.

Jambo lililonisumbua zaidi ni kibanzi chenyewe. Mfumo wetu wa kuunda vitu ulijua hesabu moja: malighafi inaingia, kitu kimoja kinatoka, kingine chochote ni taka. Lakini kibanzi kikianguka tu tayari ni kisu. Zana za Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, zina miaka milioni 3.3, na kati yake vimo vibanzi vilivyobanduliwa kutoka mawe makubwa. Oldupai, Tanzania, alikofanya kazi mwanaakiolojia Mary Leakey, mawe mazito yaliyochongwa yaliwekwa kwenye makundi ya zana za kila namna, na watafiti wa baadaye wakaonyesha kwamba mengi yangeweza kuwa mabaki ya kazi ya kutoa vibanzi. Kilichotafutwa ni kile kilichoanguka chini. Sasa jiwe moja likiingia vinatoka vibanzi vingi vya ukubwa mbalimbali, na mkazi anaviangalia na kuamua: hiki cha kuchunia, hiki cha kuwa kigumba, hiki kiache hapo.

Nimeweka daraja tatu za kupiga. Kwanza jiwe kwa jiwe, kwa kazi ya kupunguza. Kisha mfupa au pembe ya mnyama, ambayo ni laini zaidi na inatoa vibanzi vyembamba na vipana. Mwisho, kukandamiza ukingo kwa ncha ya pembe bila kupiga kabisa, ndiyo inayonyoosha makali ya vigumba na kuyapa meno. Mwanafunzi anapanda daraja kwa kuharibu mawe, na sijaona njia nyingine iliyo ya haki.

Siku ya 11

Kijiji kizima kinachechemea.

Nilidhani ni maradhi. Nikafungua kumbukumbu za majeraha, zote ni nyayo. Wachongaji wanakaa barabarani, mbele ya ghala, kwa kuwa hapo ndipo mawe yanapowekwa. Vibanzi vinaanguka, vina makali, na msimbo wa majeraha unasema kitu chochote chenye makali kikikanyagwa na mguu mtupu kinakata. Watoto wamekatwa, mbwa wamekatwa, mganga amekatwa akienda kuwatibu.

Msimbo hauna kosa lolote. Hivyo ndivyo ingekuwa. Kulikuwa na njia ya mstari mmoja ya kuzima majeraha ya nyayo, nami sikuipita. Badala yake nimewapa wakazi kumbukumbu ya mahali palipowaumiza, na nimewapa wachongaji mambo mawili: kupenda kufanyia kazi ukingoni mwa kijiji, na kutandika ngozi mapajani ili wakimaliza wakusanye vibanzi na kuvimwaga pamoja. Niliacha dunia iende. Baada ya misimu miwili kulikuwa na lundo moja upande wa machweo, na kijia cha watoto kilikuwa kimepinda kulikwepa.

Kisha nikakumbuka kwamba jiwe halina tarehe ya kuoza. Mbao zetu zinaoza, chuma kinaliwa na kutu, majumba yanaanguka, lakini lundo lile litakuwa pale. Nikaisogeza dunia miaka mia sita mbele. Kijiji hakikuwepo tena, jina lake halikuwa kwenye kumbukumbu ya mkazi yeyote aliye hai, na chini ya nyasi vibanzi vilikuwa vimelala vilevile, obsidiani ya volkano iliyo mbali sana na hapo. Msafiri akipita na kuokota kimoja, mchezo unaweza kumwambia kwamba hapa palikaa watu waliokuwa na njia ya kwenda kwenye mlima ule. Mwenzangu anayechora alipoona hayo aliacha alichokuwa akifanya akalichorea lundo picha tatu: bichi, lililoota nyasi, na lililozikwa nusu.

Siku ya 12

Mchezo umekuwa mzito ajabu. Sababu: kila kibanzi ni kitu kamili chenye historia yake, na kijiji kimoja kina maelfu. Vibanzi vidogo kuliko ukucha sasa ni hesabu tu ya udongo wa mahali, na vinakumbuka aina ya jiwe pekee. Mwendo umerudi kama zamani.

Siku ya 15

Mpini.

Kwenye mfumo wa zamani shoka lilikuwa kitu kimoja. Shoka la jiwe ni vitu vitatu, jiwe, mti na kifungo, na kila kimoja kina namna yake ya kufa. Nimeuvunja muundo wa zana ukawa sehemu zinazounganishwa, na kila sehemu inajua uchakavu wake. Mpini ukivunjika jiwe linabaki. Jiwe likipasuka mpini unasubiri jiwe jingine, na wakazi wanautunza mpini mzuri kwa miaka, kwani kuupata mti uliopinda vizuri ni kazi kubwa kuliko kubanja jiwe.

Vifungo ni kano za wanyama na gundi. Kwa gundi nimefuata waliyofanya watu wa pango la Sibudu, Afrika Kusini, takriban miaka 70,000 iliyopita: utomvu wa miti ukachanganywa na unga wa ngeu, ule udongo mwekundu, kisha ukapashwa moto taratibu. Utomvu peke yake ukikauka unakuwa kama kioo, pigo moja unaachia. Unga wa ngeu unaufanya ushike. Ukizidishiwa moto unaharibika na haurudi. Kwa hiyo mpishi wa gundi ni kazi mpya kijijini, na inamtaka mtu mwenye subira karibu na makaa.

Jaribio la kwanza lilienda vizuri mpaka masika. Kano ikilowa inalegea. Siku ya pili ya mvua vichwa vya mashoka vilianza kuruka, kimoja kikampiga begani kijana aliyekuwa akiokota kuni. Sasa mafundi wanapaka gundi juu ya kano zilizokwisha fungwa ili maji yasipenye, na mkazi mwangalifu haachi shoka lake nje.

Siku ya 16

Kano zilikuwa hazipo mchezoni hata kidogo. Wachinjaji sasa wanazitoa na kuzianika.

Siku ya 19

Silaha. Nimezichelewesha kwa makusudi, maana nilijua zikitangulia zingeamua kila kitu kingine.

Fomula ya zamani ilizidisha ubora wa silaha kwa nguvu ya mpigaji. Mpya inauliza kwanza silaha imekutana na nini. Ikikutana na ngozi, nyama au kitambaa, makali ya jiwe yanaingia kwa urahisi kuliko ya chuma. Ikikutana na mfupa, ncha inaweza kukatika na kubaki ndani. Ikikutana na deraya ya chuma, makali yanasagika na kinachobaki ni uzito wa pigo. Kipande kinachobaki ndani ya jeraha kinaingia kwenye kumbukumbu ya mwili wa mkazi na kukaa hapo maisha yake yote.

Nilipokuwa nikiandika sehemu hii nilikuwa na mtu mmoja akilini: yule aliyepatikana barafuni milimani Alps mwaka 1991, ambaye wanamwita Ötzi. Alikufa miaka ipatayo 5,300 iliyopita, na kigumba cha gumegume bado kimo ndani ya bega lake la kushoto. Alikuwa na shoka la shaba. Alikuwa pia na kisu cha gumegume chenye mpini wa mti, na podo la mishale 14 ambayo miwili tu ndiyo iliyokuwa imekamilika. Shaba na jiwe kwa mtu mmoja, siku moja, na wala havikugombana. Kila mara ninaposhawishika kuandika sheria kwamba madini yakifika jiwe linaondoka, narudi kwa mtu huyu.

Upanga wa jiwe nimeukataza. Jiwe jembamba na refu linakatika kwa uzito wake lenyewe likipigwa kwa ubavu. Jambia zuri la gumegume lililopatikana Hindsgavl, Denmark, lina sentimita 29.5, unene wake haufiki sentimita moja, na ni kazi ya mikono iliyofika mwisho wa kinachowezekana. Kikomo chetu ni sentimita 30, kwa fundi wa daraja la juu, naye aliharibu mawe mengi njiani. Anayetaka silaha ndefu afuate njia ya watu wa Mexica, yaani Waazteki wa Meksiko ya kale, na makwawitli yao: rungu bapa la mti lenye mifereji pembeni, na ndani ya mifereji vimepangwa vibanzi vya obsidiani kwa gundi. Kibanzi kikivunjika kinang'olewa na kuwekwa kingine. Mfumo wa sehemu wa siku ya 15 uliibeba silaha hii bila mstari mmoja wa nyongeza, nikafurahi kuliko siku nyingine yoyote ya mwezi huu.

Majitu hawahitaji haya. Jitu linanyanyua graniti ya kilo thelathini iliyofungwa kwenye gogo, na deraya haisaidii kitu.

Siku ya 22

Wakazi wanachagua vibaya. Akili yao ilikuwa imefundishwa kuchukua zana yenye thamani kubwa kuliko zote, kwa hiyo walikuwa wakikata kuni kwa jambia la obsidiani, linavunjika, wanachukua jingine. Nimeandika upya sehemu yote ya uchaguzi. Sasa mkazi anauliza kazi ni ipi kabla ya kuuliza zana ni ipi: kuchuna kunataka makali, kukata mti kunataka ushupavu, kukwangua ngozi kunataka ukingo mnene usioitoboa.

Na kutoka hapo limetoka jambo ambalo sasa nalipenda kuliko yote katika mradi huu. Jiwe likibutuka halinolewi kama chuma. Linabanduliwa ukingo mpya, na kila mara linapungua. Nimefuata zana moja kwa jina lake la ndani kwenye kumbukumbu. Ilianza kama ncha ya mkuki, ndefu na nzuri. Ilikatika kwenye ubavu wa nguruwe pori. Mwindaji akaichonga upya, ikawa fupi mno kwa mkuki, akaitia mpini mfupi ikawa kisu. Mkewe alikitumia misimu minne, akikibandua ukingo kila kilipobutuka, mpaka upande mmoja ukawa umeinuka na hauwezi tena kukata. Kikawa kikwangulio cha ngozi. Kilipokuwa kidogo kiasi cha kutoshikika kikatupwa jikoni, kikakanyagwa kikazama udongoni. Miaka tisa, wamiliki wawili, kazi tatu. Zana yetu ya chuma haijawahi kuwa na maisha kama hayo.

Siku ya 25

Kuchimba. Zamani bila sururu ya chuma huwezi kugusa mwamba. Lakini Grime's Graves, Uingereza, kuna mashimo zaidi ya 400 ya kutafuta gumegume, mengine yenye kina cha zaidi ya mita 10, yaliyochimbwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita kwa sururu za pembe za kulungu. Chaki ni laini kiasi hicho. Kwa hiyo pembe inachimba chaki na udongo, haichimbi graniti.

Watu wa chini ya milima ndio walioumia. Bila chuma hawawezi kuchonga kumbi zao. Nimewapa moto: wanarundika kuni kwenye uso wa mwamba, wanauchoma usiku kucha, wanaumwagia maji, unapasuka, wanaubomoa kwa nyundo za basalti. Kazi ni ya taratibu, inakula msitu, na inaujaza ukumbi moshi. Ukumbi wao wa kwanza ulichukua vizazi viwili na mlima umebaki na upara. Sijaugusa msimbo baada ya hapo.

Siku ya 28

Shoka la kusugua. Basalti inagongwa mpaka ipate umbo, kisha inasuguliwa juu ya mwamba kwa mchanga na maji kwa saa nyingi sana. Uso laini hauna mahali pa ufa kuanzia, ndiyo maana shoka hili linavumilia mti kuliko lile la kubanjwa. Saa hizo nyingi zilikuwa tatizo, kwa kuwa hakuna mkazi anayejipangia kazi ya siku kumi. Nikairuhusu ifanywe vipande vipande, wakati wa mazungumzo ya jioni. Sasa kila jioni kwenye uwanja kuna wanaosimulia na kuna wanaosugua, na mwamba wa hapo umeanza kuwa na mifereji.

Kwa kuwa zana inabeba saa zote zilizotumiwa juu yake, shoka la kusugua limekuwa urithi bila kuagizwa. Nefriti, aina ya jade (jiwe la thamani, mara nyingi la kijani) ambayo nyuzi zake zimesukana ndani, nimeipa ushupavu wa juu kuliko mawe yote. Zamani mashoka ya jade ya Alps, kutoka upande wa mlima Viso, yalifika mpaka Skotilandi. Mengine ni mazuri mno kwa kukatia mti. Wafalme wetu wataelewa.

Siku ya 33

Jaribio refu: dunia moja, miaka mia nne, bila kuingilia.

Kijiji kilicho chini ya volkano kilikuwa tajiri kufikia mwaka wa sabini. Chuma kilifika mwaka wa mia moja na sitini kupitia watu wa chini ya milima. Mashoka ya jiwe yalitoweka ndani ya kizazi kimoja, na sururu pia. Visu vilichukua karne. Vikwangulio havikuondoka. Vigumba vya mshale vilikuwa vya mwisho kuguswa, na sababu ilikuwa wazi nilipofuata wawindaji: mshale ukikosa unapotelea msituni, na hakuna anayetaka kupoteza chuma msituni. Mazimwi wa kinamasi hawakuwahi kupata chuma. Wana vigumba vya kwatzi, vibaya, vingi, na tangu mwaka wa kumi hawajalala njaa.

Nilikuwa na hofu kwamba kijiji cha volkano kingekufa obsidiani iliposhuka thamani. Hakikufa. Walianza kuuza vioo vya kujitazamia, obsidiani iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Aina hiyo ya kitu ilikuwa kwenye jedwali la mapambo tangu zamani, na hakuna aliyewahi kuitengeneza.

Siku ya 34

Kazi zilizobaki: sauti ya kubanja, tafsiri ya majina ya zana kwa lugha za mazimwi, na vumbi. Vumbi la gumegume linaharibu mapafu, na wachongaji wetu wanalivuta miaka nenda rudi bila kukohoa. Kesho nitaanza na upepo: anayechongea nje apone, anayejifungia ndani ya nyumba aanze kukohoa akifika umri fulani.

Kabla ya kufunga nilirudi kwenye jaribio la jana kumtafuta mchongaji wa kwanza wa kijiji cha volkano. Alifariki mwaka wa hamsini na mbili. Sheria yetu ya mazishi inasema maiti huzikwa na kitu alichokishika muda mrefu kuliko vyote, na kwa watu wengi hicho huwa upanga, chungu au pete. Yeye amezikwa na jiwe lake la kugongea. Alilipata mtoni akiwa na miaka kumi na miwili, likiwa na gramu 910. Linaingia kaburini lina gramu 655, kwa sababu mawe ya kugongea nayo yanaisha, niliandika hivyo siku ya 9 na kusahau. Nimelipatia jiwe hilo picha yake lenyewe, lenye pande mbili zilizoliwa pale vidole vilipokuwa havifiki.